Dishi limefungwa, na mama mkwe anangoja habari za saa moja

SWALI

Shikamoo Fundi,

Naandika kutoka Kisauni, Mombasa. Nina watoto watatu, na ninaishi na mama mkwe, mtu mzima wa miaka sabini na kitu ambaye miguu haimruhusu tena kutoka sana. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu. Akifika nyumbani hukaa siku mbili tatu, kisha hushika njia tena.

Kwa miaka sita tumekuwa na dishi la kulipia. Kifurushi chetu kilifika shilingi 1,900 kwa mwezi. Mwezi uliopita mtoto wetu wa kwanza aliingia shule ya bweni, na baada ya karo, sare, godoro na sanduku sikubakiwa na kitu. Nikaacha kulipa, chaneli zetu zikafungwa. Watoto walinung'unika siku mbili, kisha wakazoea kucheza nje. Kinachoniuma ni mama mkwe. Kila ikikaribia saa moja jioni hutoka chumbani na mkongojo wake, akaketi mbele ya runinga, akangoja. Hajanilaumu hata siku moja. Huniuliza tu, “Leo pia, mwanangu?” Nami hukosa la kumjibu.

Nilichukua daftari nikaandika yote tuliyokuwa tukiyatazama. Habari za Kiswahili, tamthilia za jioni, vipindi vya dini siku ya Ijumaa, katuni za Jumamosi asubuhi. Nilipomaliza niliona kwamba karibu zote ni stesheni za hapa hapa Kenya. Ila mume wangu, yeye ni mpira wa Uingereza.

Nikaenda mjini kuuliza bei ya antena. Kijana wa dukani alinionyesha moja inayojizungusha yenyewe kwa rimoti, imeandikwa kwenye boksi kuwa ni ya dijitali, ya 4K, na kwamba hushika kilomita 320. Shilingi 6,500. Pembeni kulikuwa na nyingine ya kawaida, ile ya umbo la mifupa ya samaki, kwa shilingi 1,200. Nilipoigusa aliniambia, “Hiyo mama ni ya zamani, ya enzi za analojia.” Nikatoka bila kununua. Jirani yangu naye ananishauri nichukue ile bapa kama karatasi inayobandikwa dirishani. Mwanawe anasema hata runinga yenyewe haifai. Runinga yetu ni ya inchi 32, aliileta kaka yangu kutoka Uingereza, na nyuma ina kibandiko cha Freeview.

Nyumba yetu ni ya chini, paa ni la mabati, na upande mmoja kumejengwa ghorofa la orofa nne. Nyuma kuna minazi miwili. Dishi bado liko juu ya ukuta. Je, dishi hilo haliwezi kugeuzwa likawa antena? Na ninunue ipi? Sitaki kutoa pesa nisizo nazo kisha nirudi palepale kwenye skrini nyeusi. Halafu mume wangu nitamwambia nini?

Mama Watatu, Kisauni

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mzigo wa karo, na hongera kwa kumfikisha mtoto shule ya bweni.

Nianze na daftari lako, maana ndilo lililonifurahisha kuliko yote katika barua hii. Watu wengi huanzia dukani. Wewe umeanza kwa kuuliza, je, tunatazama nini? Na jibu ulilopata wewe ndilo nililolikuta katika nyumba nyingi nilizoingia na ngazi yangu begani: familia hulipa kila mwezi, kisha hutazama stesheni zinazopita bure juu ya paa lao usiku na mchana. Shilingi 1,900 mara miezi kumi na miwili ni shilingi 22,800. Ukiondoa mpira wa mumeo, pesa hizo zilikuwa zikinunua vitu vinavyopatikana bure.

Kenya ilizima mitambo ya analojia mwaka 2015, na tangu hapo stesheni zetu husafirishwa kwa mawimbi ya dijitali kutoka kwenye minara ya ardhini. Kuna makampuni matatu makubwa yaliyopewa kazi ya kuzibeba: Signet, ambayo ni ya KBC, PANG, yenye mizizi China, na ADN, iliyoundwa na vyombo vikubwa vya habari vya hapa nyumbani. Kila mmoja hupakia stesheni nyingi kwenye wimbi moja, kama abiria ndani ya matatu moja, na king'amuzi chako ndicho kinachowashusha mmoja mmoja. KBC, Citizen, NTV, KTN, K24 na wenzao hawadai ada ya mwezi. Habari za saa moja za mama mkwe zimo humo. Utakapotafuta chaneli utaziona pia zilizofungwa, zenye alama ya kufuli. Hizo ni za makampuni ya kulipia yanayotumia minara ya ardhini. Zipite tu.

Sasa runinga, kabla ya antena. Mwana wa jirani huenda amesema kweli, na huenda hajasema kweli. Kibandiko hicho ndicho kitakachoamua. Runinga ya Uingereza iliyoandikwa Freeview peke yake hupokea mfumo wa zamani unaoitwa DVB-T. Iliyoandikwa Freeview HD au Freeview Play hupokea na DVB-T2, na huo ndio unaotumika Kenya. Sisi tulianza majaribio ya dijitali mwaka 2009 kwa DVB-T, kisha nchi ikahamia T2, na wale waliowahi kununua ving'amuzi vya mwanzo walibaki navyo mkononi. Ukikutana na king'amuzi cha mtumba cha bei ya kushangaza, kitazame vizuri, huenda ni kimoja cha hivyo. Usiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Kwa hiyo nenda nyuma ya runinga na tochi, usome neno kwa neno. Kama ni HD au Play, umeokoa pesa ya king'amuzi: antena itachomekwa moja kwa moja kwenye runinga. Kama ni Freeview tupu, runinga si mbovu, usiitupe wala usiibadilishe. Utanunua tu king'amuzi kidogo cha chaneli za bure, chenye maandishi DVB-T2 na kilichoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano, ukiunganishe kwa waya wa HDMI. Dukani sema wazi, “Nataka cha bure, kisicho na kadi wala malipo ya mwezi,” na uwaombe wakiwashe mbele yako. Nawaambia haya pia wenye ndugu Marekani: runinga iliyotengenezwa kwa soko la kule ina mfumo mwingine kabisa wa kupokea, nayo itahitaji king'amuzi hata ikiwa mpya ya mwaka huu.

Tuje kwenye antena, na hapa nataka uniamini. Ile ya shilingi 1,200 uliyoigusa ndiyo yako.

Hakuna kitu kinachoitwa antena ya dijitali. Wala hakuna ya 4K. Antena ni vipande vya alumini vilivyokatwa kwa kipimo fulani ili vinase mawimbi ya urefu fulani. Haijui kama ndani ya wimbi kuna analojia, dijitali au sauti ya redio. Kinachoijali dijitali ni king'amuzi. Antena inajali kipimo tu. Stesheni zetu za dijitali ziko kwenye masafa ya UHF, kati ya megahezi 470 na 694, na kwa masafa hayo mkono wa antena unaofanya kazi una urefu wa sentimita 22 hadi 32 hivi. Pima kwa mkono wako: shibiri moja mpaka shibiri moja na nusu. Ukiona mifupa ya samaki yenye mikono ya kadiri hiyo, ni UHF, nayo itafanya kazi hata kama ilitengenezwa mtoto wako hajazaliwa. Yenye mikono mirefu inayokaribia mita au kuizidi ni ile tuliyoitumia zamani kwa VHF, masafa ya chini kuliko UHF. Hiyo ndiyo iachie wenye vyuma chakavu.

Na kilomita 320? Ardhi ni mviringo, mwanangu, na mawimbi haya husafiri karibu kama macho yanavyoona. Antena iliyo mita 9 juu, na mnara wa mita 150 kwenye ardhi tambarare, huonana mpaka takriban kilomita 60. Baada ya hapo ardhi yenyewe huingia kati. Mnara ukiwa mlimani huenda mbali zaidi, lakini hakuna boksi lolote linaloweza kuunyoosha mviringo wa dunia. Zipo siku za joto kali na bahari imetulia ambapo sisi wa Pwani hushika mawimbi kutoka mbali sana yakiteleza juu ya maji, kisha kesho hayapo. Hiyo ni hali ya hewa, si antena.

Ile inayojizungusha ina mota ndogo ndani. Kwa mtu mwenye minara pande tofauti labda ingemfaa kwa mwaka mmoja, mpaka chumvi ya bahari iifikie ile mota. Wewe unahitaji kuelekeza mara moja tu kisha ukaze nati.

Ya kubandika dirishani namheshimu jirani yako, lakini kwake huenda paa ni la makuti au la vigae, au yuko orofa ya juu. Kwako kuna mabati. Mabati hurudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga, na dirisha la nyumba ya chini iliyozibwa na ghorofa halioni chochote. Ungepata stesheni mbili asubuhi na sifuri jioni. Antena yako lazima iwe nje, juu ya usawa wa paa.

Sasa lile swali la dishi, ambalo ni zuri kuliko unavyodhani. Dishi lenyewe haliwezi kuwa antena. Limetengenezwa kukusanya mawimbi membamba mno ya setilaiti iliyo angani kilomita 36,000 kutoka hapa, na kile kichwa kilicho mbele yake hakisikii kabisa minara ya ardhini. Lakini dishi lilipofungwa lilikuja na vitu viwili ambavyo ni mali yako: bomba la chuma ukutani, na waya unaoshuka hadi sebuleni. Waya huo wa dishi mara nyingi ni wa aina iitwayo RG6, wa ohimu 75, na ndio huohuo unaotakiwa kwa antena. Soma maandishi yaliyochapwa ubavuni mwake. Kama ni huo, na ganda lake halijapasuka kwa jua, tayari unao.

Fundi asiyekupenda atakuuzia antena ya bei na waya wa ovyo. Mimi ningefanya kinyume chake. Hata RG6 mzuri wa mita 20 humeza karibu nusu ya nguvu ya mawimbi kabla hayajafika kwenye runinga. Ule mwembamba unaouzwa kwa mita kama kamba humeza zaidi, na shaba iliyomo ni ya kupaka tu. Kwa hiyo pesa uliyookoa kwenye antena iweke kwenye waya, kwenye vichwa vya waya, na kwenye bomba la kuongeza urefu. Waya uwe mfupi kadiri inavyowezekana. Usiukunje kwa nguvu pembeni mwa ukuta, na usiuunge katikati kwa kusokota na kufunga tepu.

Kichwa cha waya wa dishi ni cha kuskurubu. Tundu la runinga yako ya Uingereza ni la kusukuma. Utahitaji kigeuzi kidogo, kinauzwa kwa pesa za sabuni. Na jambo moja usilisahau: waya huo ukishauhamishia kwenye antena, usiurudishe nyuma ya king'amuzi cha dishi hata kwa kujaribu. King'amuzi cha setilaiti husukuma umeme wa volti 13 au 18 juu ya waya kulisha kile kichwa cha dishi, na antena haikujengwa kwa hilo.

Kuhusu kuelekeza. Sihitaji kukuambia mnara uko wapi, kwa sababu mtaa wako unajua. Panda juu, au mpandishe kijana, mtazame mapaa ya watu. Msitazame madishi, hayo yote yanafuata setilaiti. Tafuteni mifupa ya samaki: zinaelekea wapi? Mikono yake imelala kama mkeka au imesimama kama mlango? Iwekeni yenu hivyohivyo, kwa uelekeo na kwa ulalo. Antena iliyosimama wakati wimbi limelala hupoteza sehemu kubwa sana ya nguvu, na nimeona watu wakilaumu runinga kwa kosa hilo miezi mizima.

Kwako ghorofa na minazi ndiyo kazi yenyewe. Kama ghorofa liko upande wa mnara, hapo ndipo bomba refu litakapokosa kutosha, maana huwezi kuzipita orofa nne. Kuna njia mbili nilizowahi kuzitumia na zikafaa. Ya kwanza, tembea na antena. Mtu mmoja juu, mmoja mbele ya runinga akisoma, mwendeleze kuisogeza hatua moja moja kwenye pembe zote za ukuta, hata pembe usiyoitarajia; mawimbi hugonga kuta za majengo mengine na kurudi, na mara nyingine uelekeo mzuri ni ule unaotazama ukuta wa jengo la mbali. Ya pili, mwombe mwenye ghorofa akuruhusu kuifunga kwenye ukingo wa dari lake, kisha waya ushuke kwako. Hapo waya utakuwa mrefu, lakini mita thelathini za waya mzuri kutoka mahali penye mawimbi ni bora kuliko mita tano kutoka mahali pasipo kitu. Nenda na mama mkwe akamsalimie mwenye nyumba. Naamini hatakataa.

Minazi haizuii kama ukuta, ila majani mabichi yaliyolowa hunyonya mawimbi, na yakipeperushwa hufanya picha ikatike na kurudi. Epuka kuitazamisha antena katikati ya makuti yake. Mvua yenyewe haitakusumbua kama ilivyolisumbua dishi. Unakumbuka masika, dishi likipoteza picha kila wingu zito likipita? Mawimbi ya UHF hupita ndani ya mvua bila shida.

Huku ukisogeza, fungua ukurasa wa mawimbi kwenye menyu. Utaona mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Wengi hukimbizana na nguvu. Wewe fuata ubora. Dijitali haina chenga za mchele kama analojia ya zamani. Picha huwa safi kabisa au huvunjika vipande vya miraba kisha hukwama. Kwa hiyo usiridhike picha ikitokea tu. Tafuta mahali ambapo ubora unasimama juu na hautikisiki kwa dakika kumi, kisha ujaribu tena jioni. Wimbi moja likiwa imara na jingine halipo kabisa, geuza kidogo, utafute upya, mpaka makundi yote yaingie.

Fundi akikuambia uongeze busta, mwulize kwanza itawekwa wapi. Busta haizalishi mawimbi, huyakuza yaliyopo pamoja na takataka zake. Ikiwekwa nyuma ya runinga hukuza mawimbi yaliyokwisha kuchoka njiani, na hakuna faida. Mahali pake ni juu, karibu na antena, kwa mwenye waya mrefu. Ukiwa karibu na mnara, busta huzidisha mpaka king'amuzi kikapagawa na chaneli zikapotea. Jaribu bila hiyo. Na kama antena haina busta, hakikisha menyu ya king'amuzi haijawashwa kutuma umeme kwenye antena, maana antena nyingi za kawaida zitaonekana kwake kama waya uliogusana.

Ufungaji ufanywe kwa kuufikiria upepo. Nimeona antena iliyofungwa vizuri wakati wa kaskazi ikiwa imegeuka yote mwezi wa sita, kusi ikivuma, na mwenye nyumba akidhani stesheni zimehama. Bomba lishikwe na vibano viwili vyenye nafasi kati yake, si kimoja. Likizidi mita tatu juu ya kishikio cha mwisho, livutwe kwa waya pande tatu. Nati na bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Za kawaida zitakuwa unga mwekundu baada ya misimu miwili ya hewa ya bahari. Pale waya unapoingia kwenye antena, ufunikwe kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, na kabla ya kuingia nyumbani uache upinde unaoning'inia chini ili maji yadondokee hapo yasifuate waya mpaka sebuleni. Bomba liunganishwe na ardhi kwa waya mnene wa shaba. Siku ya radi chomoa waya wa antena mapema, mawingu yakiwa bado mbali. Na asipande mtu paa la mabati lenye umande, wala karibu na nyaya za umeme. Kwa kazi hiyo ya kupanda mlipe fundi wa mtaa. Ujira wa nusu siku si wa kuonea uchungu.

Mkifaulu, kuna jambo ambalo dishi halikuwahi kukupa. King'amuzi kile kilikuwa kimoja, aliyeshika rimoti ndiye aliyetawala. Antena haitawali mtu. Ukipata runinga ndogo siku za mbele, kigawanyio cha njia mbili kitapeleka mawimbi chumbani kwa mama mkwe. Kila upande utapata nusu, kwa hiyo ubora uwe mzuri kwanza, na runinga ya pili iwe na king'amuzi chake. Lakini yeye atatazama habari kitandani pake huku watoto wakitazama katuni sebuleni.

Mumeo mwambie ukweli wote. Ligi ya Uingereza usiitegemee ije bure kwa antena. KBC wameonyesha baadhi ya mechi za Kombe la Dunia na huonyesha mashindano kadhaa yanayoihusu timu ya taifa, lakini mechi nyingi za Uingereza anazozitaka mumeo ni za kulipia. Mwonyeshe lile daftari. Mwambie kwamba king'amuzi cha dishi hukukiuza, kipo kabatini, na dishi liko ukutani. Kama vifurushi vingi vya hapa kwetu, huenda chenu hulipiwa mwezi kwa mwezi bila mkataba. Mwezi atakaokuwa nyumbani siku nyingi, au ligi ikifika ukingoni, alipie mwezi huo mmoja kwa mfuko wake. Kwa sababu hiyo, kama bomba lina nafasi, fungeni antena juu ya dishi bila kuling'oa, na muweke waya wa pili kwa ajili ya antena badala ya kuuchukua ule wa dishi. Ni gharama kidogo zaidi, lakini itawaondolea ugomvi wa kupanda juu kila mara. Kama pesa haipo sasa, tumia waya uliopo, na wa pili uje baadaye.

Usinunue chochote mpaka usome kibandiko. Kisha azima antena kwa jirani yeyote mwenye mifupa ya samaki ambayo haitumii, hata kama imepinda, uitembeze juu ya ukuta alasiri moja. Ikishika stesheni tatu tu, utajua ile ya shilingi 1,200 itakutosha, na utakuwa hujatoa hata senti.

Niandikie ubora unasoma ngapi na ghorofa liko upande gani, tuendelee kutoka hapo. Msalimie mama mkwe.